Penseli Ambayo Kamera Haikuiona

4 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote umesema "Nani? Nani wewe?" kisha ukakata. Basi turudi kwenye barua kama zamani. Wewe masikio yamekuaga, mimi macho yangu yapo mlangoni yanavaa viatu. Tukiunganishwa tunatoka mtu mmoja mzima.

Habari ni hii. Mjane wa Mhariri wetu wa gazeti anahama, anakwenda kuishi huko kwenu kwa mwanawe. Alipokuwa anafungua stoo akakuta sanduku la bati lenye kurasa za hadithi yetu ya picha, *Fundi Saa*, karibu zote, za miaka kumi na moja. Amenitumia mimi kwa sababu juu ya sanduku marehemu mumewe alikuwa ameandika jina langu. Kwa nini langu na si lako, sijui. Wewe ndiye uliyekuwa unachora kwa penseli, mimi nilikuwa wa kupitisha wino tu.

Binti yangu amempata mchapishaji anayetaka kuzitoa kitabu, zikiwa na rangi. Zinatakiwa kuskaniwa, zisafishwe kwenye tableti, na zile zilizoliwa na mchwa nizichore upya. Nikakubali kabla sijafikiri. Sasa nimekaa mbele ya meza najiuliza: nyuso tulizipiga kwa nibu ipi? Ile ya mdomo laini inayotanuka ukiikandamiza, au brashi? Miaka ishirini na sita ofisi ya ramani nimechora mipaka ya viwanja vya watu. Mkono wangu unajua kunyooka tu, kucheka umesahau. Na tableti je? Binti anasema kuna ya kuchora juu ya kioo chenyewe, na kuna ile bubu, unachora mezani picha inatokea kwenye kompyuta. Wewe ungechagua ipi?

Halafu, ile barua yako ya mwaka mpya uliiandika kwa biki ya bluu. Sikuona kitu, kama umenitumia karatasi tupu. Daktari anasema nina mtoto wa jicho, na kwangu ameanza kula bluu. Atanipasua mwezi wa sita. Mpaka hapo niandikie kwa wino mweusi.

La mwisho nimelichelewesha makusudi. Chini kabisa ya sanduku nimekuta kurasa zangu nane, *Mbwa wa Kinyozi*. Unazikumbuka? Zile nilizokupa umpelekee Mhariri nikiwa na miaka ishirini na saba, akazikataa. Hakuzitupa, dada! Nimezishika mikononi nikakaa chini.

Mdogo wako,
Wino


15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika kwa kalamu nyeusi niliyoazima kwa jirani, kwa hiyo ukiona mwandiko una haraka, ujue mwenyewe amesimama mlangoni.

Nyuso ulizipiga kwa nibu laini. Brashi ulitumia kwa nywele na vivuli, na kwa mabegi ya fundi saa. Fremu za picha ulitumia peni ya ncha nyembamba isiyobadilika unene, kwa rula. Usinunue nibu ghali. Nunua tano za kawaida, uzichovye kwenye maji ya moto kidogo kuondoa mafuta ya kiwandani, uchague moja isiyokwaruza, nyingine umpe mtu unayemchukia. Tableti chukua ya kioo. Ile bubu ni ya vijana. Mtu wa umri wako akichora huku akitazama kule atajichora mguu.

Sasa nisikilize vizuri. Unaposkani, weka nyeusi na nyeupe. Usiweke rangi. Karatasi za zamani zina madoa na kutu ya klipu, ukiskani kwa rangi utakusanya takataka zote. Nyeusi na nyeupe, umenielewa?

Na zile kurasa nane zako ziache zilivyo. Ni kazi za ujana. Au nitumie mimi kwanza nizitazame, kisha nikushauri. Zifunge vizuri uzitume wiki hii.

Dada yako


1 Machi

Dada,

Shikamoo. Tableti ya kioo imefika. Kalamu yake haina wino, haina harufu, haichafui kidole. Nilijikuta nakitafuta kitambaa cha kufutia nibu. Ndani ya programu kuna brashi mia mbili na zaidi, zingine zina majina ya ajabu, "mvua", "ukuta mbovu". Nimezijaribu zote nikarudi kwenye ile ya tatu tangu mwanzo. Kumbe na kitu kingine: ukichora mstari unaotetemeka, mashine inaunyoosha yenyewe. Unainua mkono, unakuta umechora vizuri kuliko ulivyochora. Niliona haya, dada, kama mtu aliyesifiwa kwa chakula cha jirani. Nikakizima.

Binti alikuja Jumapili tukaskani kurasa thelathini za *Fundi Saa*. Amekataa nyeusi na nyeupe. Anasema kwa rangi unapata kila kitu, kisha unachagua cha kuondoa. Ameniambia, "Baba, chini ya wino wako kote kuna bluu bluu." Nikamweleza kwamba shangazi yake alikuwa anachora kwa penseli ya bluu hafifu, kwa sababu kamera ya kiwanda cha kuchapa gazeti haikuiona bluu ile. Mimi napitisha wino juu, hakuna haja ya kufuta, picha inatoka safi. Alicheka sana. Anasema skana ya siku hizi haina adabu hiyo, inaona kila kitu.

Zile nane sijaziskani wala sitazituma kwa posta. Zikipotea nitalia. Nimeziweka kwenye droo, nitazifungua nikishapata macho.

Wino


9 Machi

Mdogo wangu,

Mwambie binti afute bluu yote. Kwenye mashine hizo ni kubofya mara moja, mjukuu wa jirani amenionyesha. Bluu ni uchafu wa kazi tu, si kazi. Hakuna msomaji anayetaka kuona jikoni. Na hizo nane, kama huzitumi, basi mwambie aziskani sasa hivi na kufuta bluu kabla hujazitazama, usije ukachosha jicho lililotoka kupasuliwa.

Nijibu upesi.

Dada yako


20 Machi

Dada,

Hapana. Samahani, najua mkubwa hakataliwi, lakini hili nakataa.

Bluu ile ni mkono wako. Watu wote wanaomjua *Fundi Saa* wanaujua mstari wangu, wako hawajawahi kuuona. Kamera ilikufuta kila wiki kwa miaka kumi na moja na wewe hukulalamika. Leo nimepata mashine inayokuona, niibofye ikufute tena? Nimemwambia mchapishaji kurasa chache zichapwe na bluu yake, ili watu wajue nani aliyechora.

Ulinifundisha kushika kalamu nikiwa na miaka sita, mama akiwa kazini. Sijasahau.

Wino


28 Mei

Mdogo wangu,

Nimepata habari ya mtu mmoja hapa mtaani, alipasuliwa mtoto wa jicho, jicho likamvimba wiki tatu. Sikutishi. Nasema tu, kwani kuna haraka gani? Wino mweusi si unauona? Kazi si inakwenda? Subiri mwakani, wataalamu wazidi kuongezeka. Mtu hakimbilii kisu.

Fikiria.

Dada yako


21 Juni

Dada,

Shikamoo. Sikukusikiliza, nikaenda. Jicho la kulia limefunguliwa. Halikuvimba, wala sikuhisi kitu zaidi ya taa. Nesi alipoondoa bandeji nikaona ndoo mlangoni, ndoo ya kudekia, ya bluu. Nililia mbele ya ndoo. Nesi akafikiri nina maumivu.

Nimefika nyumbani nikafungua droo.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa *Mbwa wa Kinyozi*, pembezoni juu, kwa penseli ya bluu, kwa herufi kubwa, pameandikwa: HAJAIVA. ZISUBIRI.

Maneno mawili. Nikakumbuka ulivyorudi siku ile ukaniambia, "Mhariri anasema bado hujaiva." Nilifikiri alisema kwa mdomo, mtu anasema neno na kesho amelisahau. Kumbe alikaa, akachukua penseli, akaniandika. Yule mzee aliyekuwa ananipa mkono kila Ijumaa na kuniuliza habari za nyumbani! Nikaacha kuchora zangu kwa neno lile. Nikapitisha wino juu ya zako miaka miwili zaidi, nikaenda ofisi ya ramani. Kikulacho ki nguoni mwako, dada.

Ndiyo sababu hukutaka niskani kwa rangi. Nimeelewa sasa. Uliyaona maneno yale siku ile, ukanificha yasinichome. Hata upasuaji ulitaka niahirishe. Na mimi nilikuwa nimeanza kukuwazia kwamba unaona wivu na tableti yangu! Nisamehe.

Wino


30 Juni

Mdogo wangu,

Nashukuru Mungu kwa jicho. Hayo mengine yaache. Mtu amekwisha kufa, marehemu hasemwi. Mungu amsamehe.

Dada yako


14 Julai

Dada,

Wewe una moyo, mimi sina. Nimejaribu kuyaacha, nimeshindwa.

Mchapishaji aliniomba maneno ya mwanzo wa kitabu. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa kumshukuru Mhariri. Nimeutoa. Jina lake halitakuwamo popote. Mjane nimemwandikia. Sikumtukana, nimemweleza tu kwamba mumewe aliniua nikiwa na miaka ishirini na saba, kisha akanizika kwenye sanduku na kuandika jina langu juu. Nimemwambia picha ya mumewe aliyonitumia niiweke kitabuni nitamrudishia.

Nimepata nafuu kidogo. Si nafuu kubwa niliyoitegemea.

Wino


26 Julai

Mdogo wangu,

Hii usimpe binti akusomee. Isome mwenyewe.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha karatasi. Kichukue, kiweke kando ya ukurasa wako wa kwanza, tazama A na tazama Z. Nimekiandika leo asubuhi kwa penseli ya bluu niliyoitoa kwenye kopo la vifungo. Ni ile ile, imebaki kama kidole kidogo cha mtoto. HAJAIVA. ZISUBIRI.

Ni mimi.

Jana mjane alikuja kwangu. Amekuwa mdogo, anatembea kwa fimbo, na barua yako alikuwa ameikunja ndani ya leso. Nikampa kiti, nikampa chai. Akaniuliza kitu nisisikie, kama kawaida. Akasogea, akaweka mdomo sikioni kwangu, akasema kwa nguvu, "Mume wangu alimkosea nini mdogo wako?"

Nilisikia. Nikajifanya sijasikia.

Akarudia. Nikatikisa kichwa. Akarudia mara ya tatu, kwa sauti kubwa hata fundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara akaacha kupiga nyundo akageuka. Mwanamke wa miaka themanini anapiga kelele kumtetea mumewe kwenye sikio la mtu aliyemwangamizia jina. Nikasema, "Sijui, mama." Akamaliza chai yake, akashukuru, akaondoka. Nilibaki nimeshika kikombe chake mpaka kikapoa, sijui uso wangu nimeuweka wapi.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, na sitajipamba. Uliponipa kurasa nane nilizisoma nikiwa nimesimama kituo cha basi. Yale mashavu ya kinyozi. Yule mbwa anayesikia siri za wateja wote na hana wa kumwambia. Nilicheka peke yangu, watu wakanitazama. Nilikuwa nimechora miaka tisa na sijawahi kumfanya mtu acheke kituoni. Nikaona wazi kwamba Mhariri akizisoma atakupa kurasa zako, na wewe ukiwa na zako hutapitisha tena wino kwenye zangu. Na penseli yangu bila wino wako ni ukungu. Kamera haiuoni, na hata macho hayangeuona.

Nilikuonea wivu. Neno lenyewe ni hilo, nimelizunguka miaka thelathini na moja.

Nikaandika pale pembezoni kabla ya kumpa. Akasoma neno langu kabla ya kusoma kurasa zako. Kisha akazisoma, akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akasema, "Sawa, nani anamjua kijana kuliko dada yake." Kila baada ya miezi michache aliniuliza, "Ameiva?" Nami nasema bado. Ulipoondoka kwenda ofisi ya ramani aliniuliza mara moja tu, "Kwa nini umemwacha aende?" Tangu siku ile kurasa zako hakuzirudisha stoo, aliziweka kwenye meza yake mpaka alipofungasha sanduku. Jina lako juu ya sanduku najua kwa nini aliliandika. Alikuwa bado anasubiri.

Nilipokwambia uskani kwa nyeusi na nyeupe nilikuwa najificha. Nilipokwambia ufute bluu nilikuwa najificha. Nilipokuambia usipasuliwe, mdogo wangu, nilitaka ubaki kipofu ili mimi nibaki mtu mzuri. Hilo ndilo linaloniamsha. Na uliponiomba radhi ukidhani nilikulinda, nikaipokea. Nikaandika juu ya marehemu "Mungu amsamehe", mimi!

Sikuombi kitu. Mwandikie mjane.

Dada yako


2 Oktoba

Dada,

Shikamoo.

Nimekaa miezi miwili bila kukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kuumiza, na vingine vilikuwa vizuri sana, nikaogopa nitavituma. Nimevichana.

A ni ile ile. Z ni ile ile. Nilipitisha wino juu ya mkono wako kila wiki, nikashindwa kuutambua ulipoandika jina la kushindwa kwangu. Na mimi nina aibu yangu: nilikuwa tayari kumwamini mtu yeyote aliyesema sijaiva. Sikwenda kumuuliza Mhariri hata siku moja. Alikuwa ananipa mkono kila Ijumaa, na mimi naangalia viatu.

Kwa mjane nimekwenda mwenyewe mwezi uliopita, kwa basi, nikafika hapo mjini kwenu na kurudi siku hiyo hiyo. Nilipita mtaa wa pili kutoka kwako. Sikuweza kukata kona. Nilimwomba radhi, nikamwambia nimekosea mtu. Hakuniuliza ni nani. Nikaona si mimi wa kumwambia.

Kama nimekusamehe, sijui. Nimeuliza moyo haujajibu, na sitaujibia.

Sasa kazi. Mchapishaji ameziona zile nane, anazitaka mwishoni mwa kitabu. Nimezitazama kwa macho yote mawili, la kushoto nalo limepasuliwa. Nikupe ukweli wa fundi? Ukurasa wa tano mkono wa kinyozi una vidole sita. Kivuli cha ukurasa wa saba kimezidi. Mengine yote sigusi. Zilikuwa zimeiva, dada.

Kuna ukurasa wa kwanza. Nina matoleo mawili kwenye tableti. Moja lina picha tupu, bluu imefutwa, pembezoni peupe. Jingine ni lilivyo, na maneno yako juu, na chini kwa herufi ndogo: mwandiko wa dada wa mchoraji. Maneno ya kumshukuru Mhariri nimeyarudisha mwanzoni mwa kitabu, uchague toleo lolote.

Uchague wewe. Ukisema nifute, nitafuta, ni kubofya mara moja kama ulivyosema, wala sitakuuliza tena mpaka tunakufa. Kiwanda kinataka mafaili tarehe kumi na tano.

Wino


9 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Usifute. Weka rangi.

Na yale maneno ya chini usiyaandike kwa herufi ndogo. Yaandike kwa zile ulizokuwa unajazia viputo vya maneno, nene, zilizosimama, mjane asome bila miwani.

Lakini sitaki alijue jambo hili kutoka kitabuni. Kesho nakwenda kwake. Nitamwambia kwa mdomo wangu, kisha nitamwomba anijibu sikioni, kwa sauti yake ile ile, na dirisha nitaliacha wazi.

Dada yako